Gundi ya Unga

Amu ilipopasuka
kama dafu kwa mashoka,
kazi mimi niloshika
kunakili humu ndani.

Huku Mkomani kwetu
bunduki zetu ni tatu,
na moja mbovu, ya kutu,
lakini tungo pomoni.

Mtunzi, ammi Zahidi,
kinywa chake kama radi;
asema, nami sizidi
herufi karatasini.

Kisha kijana Shekuwe
huupaka uji mawe,
shairi lishikiliwe
pale kwao mlangoni:

    Salamu Bwana Bausi, tumbo lako lajikwaa,
    watwambia majasusi mbele yako latambaa,
    wewe huja Jumamosi, nalo tangu Ijumaa.
    Watu wanalala ndaa, wewe wapimwa mkanda.

Karatasi ni adimu;
wakageuza, kwa zamu,
wakatujibu kwa sumu
ile ile, mgongoni:

    Mkomani mna nini? Bunduki tatu na wino,
    moja i kutu mwilini, na mbili hazina meno.

Zahidi kanitazama:
"Ni nani aliyesema?"
Nami nikashika tama,
nikatazama winoni.

Mwandiko naliujuwa,
wa dada yangu wa ziwa;
mwaka jana kaolewa
na seremala Langoni.

Wau zake zina shingo
ndefu, kama za korongo;
baba kashindwa, kwa gongo,
kuzinyoosha chuoni.

Mwezi wa pili wa vita
unga ukawa wa kuta,
na sisi hatuna hata
wa kukoroga chunguni.

Alfajiri nikenda
kuona lililoganda,
nikaona vyanda, vyanda,
vikikwaruza gizani.

Watoto wa pande mbili
wabandua tungo kali,
waramba gundi, si wali,
kwa ulimi, ukutani.

Tumbo la Bwana Bausi
lakwanguliwa kwa kasi,
na zile wau nyepesi
zimefika midomoni.

Sikumwambia Zahidi.
Uji mzito, kusudi,
nikapaka juu hadi
chini, pale mlangoni.

Karatasi, bila neno,
haikuonjeshwa wino,
nyeupe kushinda meno,
ikashika ukutani.

Kulipokucha, haipo;
kona moja ndiyo ipo,
na nyuma, wino ulipo,
shingo ndefu ya mwandani.

Wau, maanaye ni "na".
Na nani? Hapana jina.
Nikaibandua kona,
nikashona upindoni.