Kopo la Maji

Sjoukje ananiambia: finya macho.
Ukiyakodoa utaanza kuhesabu majani,
na jua halikungoji.

Hapa Friesland nchi imelala bapa kama sinia,
basi upeo uweke chini,
vidole viwili tu kutoka ukingo wa karatasi.
Kulikobaki kote ni mali ya mawingu.

Kijani cha tyubu hakijatubu, asema,
kitilie wekundu kidogo, kitanyamaza.
Cha mbali kipauke, kielekee buluu,
cha karibu ndicho kipewe makali.
Weupe usiutafute sandukuni:
ni karatasi uliyojizuia kuigusa.

Nami nilikuwa nimechora mtaro, lango,
nguzo kumi na moja za uzio,
paa la Wiebren na kila kigae chake.
Akachovya sifongo
akafuta nusu ya asubuhi yangu.
Roho iliniuma. Sikusema.

Wiebren akaja na gambuti zake, ananuka maziwa,
akainama nyuma ya bega langu.
"Na ng'ombe wangu?"

Sikuwa nimewachora.
Brashi niliyoishika hewani ikadondosha tone,
doa la hudhurungi majanini,
likavuja kidogo, likalemea upande mmoja.

Alilitazama kitambo.
"Antsje huyo," akasema.
"Mguu wa nyuma bado unamsumbua."

Nikanyoosha mkono nimwongezee pembe.

Sjoukje hakucheka.
Alilisogeza kopo la maji
mbali na mimi.