Zulia Ukutani

Mwaka tuliopaka kuta rangi ya maziwa,
ghorofa ya saba, Gldani, kaskazini mwa Tbilisi,
Anzor alilishusha zulia la mama yangu.
"Ukutani hutundikwa picha," alisema. "Zulia ni la miguu."
Misumari iling'oka na mabonge ya plasta,
na vumbi la miaka arobaini likanuka nondo
na sigara za marehemu baba.
Tulilikunja, tukalifunga kamba,
tukalisimamisha roshani, nyuma ya madumu ya mvinyo,
kama mgeni aliyekosewa adabu.

Jioni ile akaweka santuri yake ya Guria:
wazee watatu, sauti tatu,
moja ikijikokota chini kama ng'ombe arudiye zizini,
moja ikishika njia ya katikati,
ya tatu ikipaa, ikikatikakatika, jogoo aliyelewa.
Ila sasa wote watatu
waliimba ndani ya ndoo ya bati.

"Amplifaya imezeeka," akasema Anzor.
Ikauzwa. Ikaja nyingine kutoka Riga,
yenye taa nne za kioo
zilizoiva taratibu, wekundu wa makaa
yaliyobaki chini ya mishikaki.
Wazee wakaimba
ndani ya ndoo iliyopashwa moto.

Zikafuata spika, mbili, zanifika kifuani,
zikapandishwa ngazi saba kwa mgongo wa jirani Otia
na matusi ya Otia,
maana lifti ilikuwa mbovu,
na fundi wa lifti za mtaa mzima
ni huyu huyu mume wangu,
aliyekuwa nyuma akisema: polepole, polepole, kona!

Zikafuata nyaya, nene kama kidole gumba.
Bei yake sikuuliza. Niliisoma
pale alipoificha risiti:
ndani ya Biblia, katika kitabu cha Hesabu.

Akaleta vipande vya marumaru kutoka kwa mchonga makaburi,
spika zikasimama juu yake, zikimsubiri marehemu.
Akachomoa friji kila aketipo kusikiliza,
eti umeme wake una mchanga.
Maziwa yakaganda. Samaki akalalamika kwa njia yake.
Apendaye chongo huita kengeza;
mimi chongo nililiita chongo,
nikaenda kukaa jikoni.

Januari ukuta wa kaskazini ukaanza kutoa jasho la barafu.
Sikuwa nafikiria muziki. Nilifikiria figo zangu.
Nikamwita Otia, akaja na nyundo na midomo yake,
tukalitoa zulia roshani, likiwa gumu kama ubao,
tukalirudisha kwenye matundu yale yale,
yaliyokuwa yangali pale, chini ya rangi,
kama masikio yaliyotobolewa utotoni.

Anzor akaingia saa mbili usiku, grisi hadi viwikoni.
Akaliona. Akafungua kinywa.
Lakini mkono, kwa mazoea, ulikwisha kuishusha sindano.

Na ndoo haikuwapo.

Palikuwa na benchi, likalia mtu alipohamisha uzito.
Palikuwa na mate yakimezwa kabla ya neno la kwanza.
Kisha wa chini akaingia, mpana, bila kukokota chochote,
na wa kati, ambaye miezi yote nilimdhania hana kazi,
kumbe ndiye aliyewashika wenzake mikono.
Jogoo alipopaa, nilijua kaketi upande gani:
karibu na dirisha, kulia kwa kabati la vyombo.

Anzor hakuvua koti.
Akapiga kofi moja, katikati ya sebule.
Kofi likafa palepale, halikurudi na jibu.
Akalisogelea zulia, akalinusa,
akaweka kiganja juu yake kama mtu apimaye homa.

"Lamara," akasema, bila kunigeukia,
"lile jingine la mama yako, la chumba cha Tsiala,
kubwa, lenye makomamanga.
Liko wapi?"

"Uliliuza Septemba," nikamwambia.
"Ukanunulia nyaya."

Wazee wakavuta pumzi,
nikaisikia, zote tatu,
wakaanza wimbo wa pili.