Mvua ya Kushoto

Elfu tisa na mia tano. Bei ya mwisho, alisema Gichimu,
kijana wa duka lenye upana wa mlango wake,
nyuma ya Soko la Wakulima, Nakuru,
kati ya fundi viatu na muuza mitumba.

Kinanda changu cha mfukoni nilikinunua mwaka ule
mahindi yalipooza shambani kwa mvua iliyokataa kwisha.
Ukubwa wake ni kiberiti. Kitufe cha kusonga mbele kiling'oka,
nasukumia kijiti cha meno.
Kioo kina ufa kama Mto Njoro kwenye ramani ya darasa la nne.
Betri hujitahidi kutoka Lanet hadi Gilgil,
kisha hulala katikati ya ubeti bila kuaga.

Na tangu zamani kina mvua.
Ndani ya kila wimbo, upande wa kushoto,
mvua nyembamba ya alfajiri juu ya bati la mbali.
Nilidhani ni uzee wake. Nilidhani ni mpwa wangu Masika,
aliyezishindilia rumba mia nne humo ndani
kama omena guniani, kwa goti.

Usiache mbachao kwa msala upitao, nikajiambia.
Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajijibu.
Wahenga hawakuafikiana, na mimi si mwenyekiti wao.
Juma zima nililala na hesabu:
elfu tisa ni mifuko mitatu ya mbolea ya ruzuku
na nauli ya kuileta.

Jumamosi nikaenda. Gichimu akavipangusa visikizi kwa spiriti,
akanivika kama nesi.
"Funga macho, mzee."

Lo.
Gita nililolijua kuwa moja lilikuwa mawili,
la pili likijibu kutoka kulia, kama jirani uani.
Kiti kililia. Mtu alikohoa kabla ya kibwagizo,
kwa adabu, uso kaugeuza; labda keshazikwa.
Besi iliingia kwa miguu yake yenyewe.
Miaka yote hiyo nimeketi sebuleni mwa wimbo huu,
kumbe una vyumba vya ndani.

"Na hii mvua?"
"Mvua gani?"
Akavaa yeye, kichwa upande kama kuku aliyesikia mwewe.
"Hakuna kitu. Safi."
Nikavaa tena. Ikanyesha.
Nikavitoa. Ikanyesha,
pale pale dukani, juu ya nyundo ya fundi viatu,
ikanyesha kushoto, nyembamba, ya alfajiri.

Miaka kumi na minane nilisimama kiwanda cha betri
kando ya mashine ya kubana vifuniko. Tak. Tak.
Kushoto kwangu.
Pamba tulizogawiwa za masikio
tulipeleka nyumbani, zikafunga vidonda vya watoto.

Gichimu akashusha hadi elfu tisa kamili,
akidhani nanyamazia bei.

Nyumbani Nasipwondi alicheka kwanza:
"Sikio la kufa halisikii dawa."
Kisha akaacha kucheka, akaja upande wa kulia,
akanong'ona jina langu la utotoni. Nikalisikia lote.
Akahamia kushoto. Nilihisi pumzi tu.

Jumatatu nilikinunua.
Mbolea itangoja; sikio la kulia sijui limebakiza misimu mingapi.
Cha zamani kiko kabatini na kijiti chake cha meno,
sikukitupa, hakikuwa na kosa. Nilikisingizia mvua yangu.

Usiku tuliketi jikoni, waya mmoja, masikio mawili:
mimi la kulia, na gita langu la pili,
yeye kushoto, akichambua kunde.
Hakusema lolote kwa nyimbo tatu.
Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo:
"Huyu anayekohoa,
hawakuwa na maji ya kumpa?"