Herufi Iliyokwama

Baraza la kwanza la mawaziri nililitaipu mimi,
Mize binti Ngwali, Wete, ghala la juu,
pale palipokuwa pakipimwa karafuu
kabla serikali haijatushukia ndani ya bahasha.
Mizani tuliikuta bado imesimama mlangoni.
Mwalimu Ussi akaipanda, kwa mzaha, akasema:
"Tuone Elimu ina kilo ngapi."
Siku ile tulicheka sana.

Taipureta ilitoka Chake kwenye gari la mkaa.
Herufi zote nzima isipokuwa moja,
W kubwa: ukiigonga inainuka nusu,
inaitazama karatasi, inarudi kulala.
Nilipomaliza orodha nikaisoma kwa sauti ya chini,
nikajishika mdomo:
aziri wa Karafuu na Kilimo, Kombo Shaali.
aziri wa Bandari, Faki Mcha.
Mpaka mstari wa mwisho,
aziri wa Afya, Riziki Vuai.
Na juu kabisa, kimepigiwa mstari, kichwa cha habari:
izara za Serikali.

Nikachukua kalamu ya wino mweusi,
nikazitia kwa mkono, moja moja.

Mawaziri tisa, viti sita.
Watatu wakakaa nje kwenye baraza ya saruji
na Baraza likaendeshwa kwa dirishani:
hoja inatoka ndani, jibu linaingia na vumbi.
Muuza pweza akapita, akasimama, akachangia;
mimi sikumwona, nilisikia sauti tu,
nikaandika: Mjumbe mmoja alisema bei ipande.
Bi Riziki alichelewa. Alikuwa Kiuyu, akizalisha.
Aliingia mikono inanuka sabuni ya hospitali,
akauliza ajenda ni ipi.
Akaambiwa: ufunguo wa choo, nani akae nao.
Ikaadhiniwa Alasiri hatujamaliza,
ufunguo ukabaki kwa Faki,
ambaye bandari yenyewe alikuwa hajakabidhiwa.

Siku sabini na moja.
Orodha ya pili ikaja imekunjwa mara nne.
Wale wale, wamehamishwa vyumba:
Kombo kwenye Elimu, Ussi kwenye Karafuu,
mtu ambaye akiuona mkarafuu anajua ni mti, basi.
Afya ikapachikwa kwa Faki,
juu ya bandari, juu ya ufunguo.
Bi Riziki nilimtafuta mara mbili. Hayumo.
Alisema, nasikia, kwamba zahanati haina maji
na gari la waziri limeoshwa asubuhi, likaoshwa tena jioni.
Nikatia W zangu.
Penye jina la Faki mkono ulikuwa mzito.
Sikusema kitu. Mimi karani.

Ya tatu ilikuja kabla ya Mfungo Mosi.
Kaboni ilikuwa ile ile, hakuna fungu la kununulia nyingine.
Niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha
nikawaona wote humo, baraza juu ya baraza,
Kombo kamlalia Ussi, Ussi kamlalia Kombo,
huwezi kusoma nani ni nani.
Chini tu, peke yake, jina moja linasomeka,
maana orodha zilizofuata
zilikuwa fupi kwa mstari mmoja.

Kisha akaja fundi kutoka Unguja, kijana, anaitwa Makungu.
Akaifungua taipureta juu ya gazeti,
akachokoa kwenye shina la herufi,
akatoa konyo la karafuu,
moja, kavu, la tangu enzi za ghala.
"Ni hili tu," akasema, akadai nauli.

Sasa W inagonga kama nyundo.
Waziri, Waziri, Waziri, safi, bila kusita.
Orodha ya nne ilinichukua muda wa kunywa chai,
na wala sikumbuki nilimwandika nani.
Kalamu nimeiweka droo ya chini
pamoja na lile konyo.
Zamani kila mmoja alinisubiri kidogo,
pale pembezoni mwa karatasi,
kichwa wazi,
mpaka nimvike.