Mgeni wa Saa Kumi na Moja

Hakuja saa za ofisi.
Alikuja saa kumi na moja alfajiri,
mwadhini wa Kayole akiwa bado anakohoa kwenye kipaza sauti,
kwa sababu nilimwambia ni saa hiyo
nyumba yangu huwaka:
soksi moja haionekani, tokeni za stima zimeisha,
Nyanchoka hataki uji, na Ombati
ananitazama kwa macho ya baba yake.

Jina lake Kageha. Viatu aliviacha mlangoni,
kando ya mkoba.

Niseme kuhusu mkoba.
Niliufunga mwenyewe, usiku ule wa barua
kutoka ofisi ya watoto: mashati mawili, sweta ya shule,
cheti cha kuzaliwa ndani ya karatasi ya nailoni.
Nilizikunja nguo za mwanangu vizuri
kuliko nilivyowahi kuzikunja akiwa hajaandikiwa barua.
Mkono uliozikunja ndio uliokuwa umeshika mwiko.
Mwiko ulivunjika. Daktari wa zahanati aliliandika hilo pia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu siku ya kwanza alijitwalia waya wa kusugulia,
akaketi kwenye ndoo, akaing'arisha sufuria ya ugali
huku akiuliza mambo madogo madogo.
Nani hulala upande wa ukuta?
Nani hucheka kwanza?
Swali la pili sikulijibu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hukumu,
nimejipaka mafuta, nimevaa kitambaa cha kanisani.
Akasema, Bosibori, sufuria hii ina tundu.

Wiki ya pili alitufanya tugombane upya.
Ndiyo. Ule ugomvi wa unga, neno kwa neno,
ila polepole, kama watu wanaopandisha kabati kwenye ngazi:
inua, simama, pumua, mkono wako uko wapi?
Nyakundi, ametoka mjengoni na saruji kwenye nyusi,
akayasema maneno yake, akayaona yanavyotua
usoni pa binti yake.
Akaambiwa arudie. Akashindwa.
Akatoka nje, akasimama penye kamba za nguo
muda wa kuanika na kuanua.
Kageha hakumfuata. Alikuwa na Ombati sakafuni,
wakihesabu vidole vya miguu kinyumenyume, kumi hadi moja,
hesabu ya kutumia damu inapopanda.

Sisemi alitutibu.
Wiki ya nne Nyakundi alilewa. Nilipiga simu saa sita usiku,
ikapokelewa kabla sijajua nitasema nini,
sauti yake ina usingizi, haina lawama:
Watoto wako wapi? Wewe umekaa au umesimama?
Kaa.
Nikakaa. Sijui kwa nini neno dogo lile
lilikuwa na mgongo wa kuegemea.

Wiki sita, kisha akahamia nyumba nyingine, Dandora,
ambako pia kuna saa inayowaka.
Namba yake iko nyuma ya mlango, kwa chaki,
imeanza kufutika pale mlango unapogusa ukuta.
Hakimu alisoma faili, akasema watoto wabaki,
turudi tena baada ya miezi mitatu.

Jioni ile nilifungua mkoba nirudishe nguo mahali pake.
Chini kabisa, ndani ya soksi, ile iliyopotea,
nikakuta kijiko chetu cha bati chenye shingo iliyopinda,
kile ambacho Nyanchoka alizabwa kofi eti amekipoteza.
Ombati alikuwa amekificha, ili huko
ambako wangempeleka
ale na kitu cha kwetu.

Sikumwuliza. Nilikiosha.
Ilikuwa jioni ya ugali, na ugali haudai kijiko;
nilikiweka mezani hata hivyo, upande wake.
Nyanchoka akauliza kimetoka wapi.
Hakuna aliyejibu.
Kuna mtu alicheka. Nilikuwa nimeinama nikipakua,
sikuona ni nani.