Kilomita Sita

Wateja wengi hudhani jicho liko juu.
Huniambia, "Dada, setilaiti yenu imeniona,"
nami huwakatalia polepole, kama mtu anayemwosha mtoto uso:
setilaiti haimwoni mtu.
Inapita kilomita elfu ishirini juu ya Napoli
na kazi yake ni kutaja saa.
Saa tu. Ni hii, sasa ni hii, sasa ni hii,
kama kengele ya kanisa isiyojua nani bado amelala.

Kinachojua ni kisanduku,
kidogo kuliko pakiti ya sigara,
tulichokifunga kwa skrubu mbili karibu na betri.
Kinasikia saa nne kutoka kwa setilaiti nne,
kinapima kila moja imechelewa kiasi gani njiani
(gawa sekunde mafungu mia, chukua saba,
ndio mwendo mzima kutoka huko hadi kwenye boneti)
na katika kupishana kwa kuchelewa huko
kinajitambua mahali kilipo.
Kisha kinatupigia. Kina laini yake, kama kijana yeyote.
Breki ya ghafla, kona iliyokatwa kwa hasira, safari za usiku wa manane:
vyote kinasema.
Kikulacho ki nguoni mwako;
kikuchongeacho umekipakia mwenyewe.

Jumanne ile faili lilikuwa la Sossio Capasso, Frattamaggiore,
Panda ya kijivu, mlango mmoja wa rangi nyingine.
Bwana mmoja wa Aversa alidai imemgonga
saa tano na dakika kumi asubuhi, kwenye kiplefti.
Alileta shingo ndani ya kola,
mashahidi wawili wenye maneno yaleyale hadi kwenye mkato,
na dai la yuro elfu kumi na nne.

Nikafungua ramani.
Saa tano na dakika kumi Panda ilikuwa Cardito,
nyuma ya ghala la nyanya, injini baridi,
haijatikisika tangu saa mbili kasorobo.
Kola, mashahidi, elfu kumi na nne: kwisha.

Ningefunga faili hapo. Ila kidole kilirudi nyuma.
Jumatatu, nukta ileile. Ijumaa, nukta ileile.
Februari nzima, na Januari kuanzia tarehe nane:
nyumbani saa moja na nusu, kilomita tatu, kuzima,
saa tisa na nusu za kukaa, kilomita tatu, nyumbani.
Na kwenye fomu, penye "kazi", alikuwa ameandika:
kiwanda cha majokofu, Marcianise.

Wakaja wawili kutia saini,
mume na kofia mkononi, mke, Nunzia, na mkoba tumboni.
Kanuni inataka mteja apewe ukurasa mzima.
Nilichapa, nikakata mstari mmoja kwa mkasi.
Nunzia ndiye aliyeupokea. Akasoma: Cardito.
Sossio akatazama feni ya dari kana kwamba ndiyo inayoongea.
Nikasubiri kishindo. Miaka kumi na moja kazini
nimeona ndoa tatu zikivunjikia mezani hapa, kwa nukta.

"Barua yenu ya Februari niliifungua mimi," akasema.
"Hongera, mliandika, umeendesha kilomita chache,
punguzo lako ni yuro sitini na mbili.
Mtu aendaye Marcianise kila siku
hapewi punguzo la kutotembea."

Njia ya mwongo fupi, husemwa. Sikujua hulipwa.

"Tangu Februari?" Sossio akauliza kofia yake.
"Ulidhani chupa ya pili ya kahawa ilikuwa ya nani?
Na blanketi? Lilijipeleka garini lenyewe?"

Wakashuka kwa ngazi, lifti yetu ni mbovu.
Sikupaswa, lakini niliiacha ramani wazi.
Panda ikaondoka, ikapita stesheni,
kilomita kumi na mbili kwa saa, ikasimama kwenye taa.
Taa ya pale hukaa nyekundu nusu dakika.
Panda ilikaa dakika tatu.
Nikafunga ramani.
Hilo halikuwa la bima.