Zamu ya Vioo

Mwalimu Dinamai alikufa Julai,
mwezi ambao jua la Mumbai huwa mgonjwa.
Nikawaza, kabla hata ya kusema pole:
mama, umechagua vibaya.

Tulimvika nguo nyeupe, kuukuu, safi.
Tukamleta mbwa amtazame maiti, kama ada,
yule mwenye madoa mawili juu ya macho.
Mbwa akatazama. Kisha akapiga mwayo.
Kaikhushru mwanawe, aliyeshuka na ndege alfajiri,
akacheka, akalia,
akaniomba radhi kwa vyote viwili.

Ardhi ni safi, haitiwi maiti.
Moto ni safi, haulishwi maiti.
Mwili hupewa wenye mabawa,
sadaka ya mwisho ya asiyebakiwa na kitu mkononi.
Baba yangu, mchukuzi kama mimi,
aliwahesabu tumbusi kama wageni wa harusi:
nusu saa, wamekula, wamekwenda.

Halafu ng'ombe wakapewa dawa ya maumivu.
Dawa njema; ng'ombe akapona goti.
Alipokufa akatupwa, tumbusi akamla,
figo zikamfa,
na mbingu yetu ikabaki uchi.
Hakuna aliyekusudia. Hilo ndilo linalonikera:
ningependa kuwa na wa kumlaani.

Sasa mnarani pana vioo.
Hulikusanya jua, hulimwaga juu ya mwili,
nami huvigeuza kwa mkono, saa baada ya saa.
Wapo wasemao huo ni moto
ulioingia kwa mlango wa nyuma.
Siwajibu. Nina kazi.

"Ni siku ngapi?" akauliza Kaikhushru.
Kwa jua, nne.
"Na kwa mvua?"
Nikajifanya nakaza kamba ya kiatu.
"Mjini kuna tanuri la umeme," akasema.
Mama alikuachia neno gani?
Akanyamaza kitambo.
"Alisema mtihani hauahirishwi
kwa sababu ya mvua."

Siku ya tatu mawingu yakapasuka, upana wa shuka.
Nikapanda ngazi mbio, goti likilalamika,
goti ambalo nalinyamazisha kila usiku
kwa kidonge cha jina lile lile
lililowamaliza tumbusi.
Nikakielekeza kioo cha kwanza.
Ndani yake, juu kabisa,
kitone cheusi kilikuwa kinazunguka.

Labda mwewe. Labda uchafu wa kioo.
Sikukifuta.